Aspirini na ini: Kwa mmoja kinga, kwa mwingine hatari

Aspirini ni dawa ya siku nyingi. Ilianza kuuzwa mwaka 1899 na hadi leo ni miongoni mwa dawa za bei nafuu zaidi dukani. Wengi wanaijua kwa maumivu ya kichwa na homa. Wagonjwa wa moyo na waliowahi kupata kiharusi wanaijua kwa dozi ndogo ya kila siku inayosaidia damu isigande ndani ya mishipa. Katika miaka ya karibuni dawa hii imerudi kwenye habari kwa sababu nyingine, nayo ni ini.

Machi 2020, jarida la New England Journal of Medicine lilichapisha utafiti uliofanyika Uswidi kwa kutumia kumbukumbu za watu wazima 50,275 wenye homa ya ini sugu aina B au C. Waliokuwa wakitumia aspirini ya dozi ndogo walipata saratani ya ini kwa kiwango cha asilimia 4.0, wakati wasioitumia walifikia asilimia 8.3, katika kipindi cha karibu miaka 8. Machi 2024, jarida la JAMA nalo lilichapisha utafiti wa Boston, Marekani, ulioonyesha kuwa aspirini ya miligramu 81 kwa siku ilipunguza mafuta kwenye ini ndani ya miezi 6.

Habari kama hizi zikipita kutoka kundi moja la WhatsApp hadi jingine, hufika zikiwa zimekatwa mkia. Kinachobaki ni “aspirini inazuia saratani ya ini”. Kinachoachwa njiani ni nani hasa aliyechunguzwa, ini lake lilikuwa katika hali gani, na nani alizuiwa kushiriki kwa sababu ya hatari. Hapo ndipo mgonjwa anapoweza kuumia, kwa sababu dawa hii na ndugu zake, diklofenaki na ibuprofeni, hugusa kimeng'enya ambacho kwenye ini moja huongeza madhara na kwenye mwili wa mgonjwa mwingine ndicho kinachozifanya figo ziendelee kufanya kazi. Kabla ya kuuliza kama dawa inafaa, ni lazima ujue ini lako liko hatua gani.

Vimeng'enya vinavyopima na vimeng'enya vinavyochochea

Kimeng'enya ni protini inayoharakisha kazi fulani ndani ya mwili. Ini lina maelfu yake, maana ndilo linalochuja sumu, kutengeneza protini za kugandisha damu na kuhifadhi sukari. Wagonjwa wengi husikia neno hili kwa mara ya kwanza pale daktari anaposema, “Vimeng'enya vya ini lako viko juu.” Hapo anazungumzia ALT na AST.

Hivi viwili havisababishi ugonjwa. Makazi yake ya kawaida ni ndani ya seli za ini, na seli ikiumia au kufa huvuja na kuingia kwenye damu. Kipimo kinapoonyesha ALT imepanda, maana yake seli zinaumizwa na kitu fulani. Kipimo hakisemi ni kitu gani. Inaweza kuwa kirusi, pombe, mafuta, dawa au sumu ya mimea. Kwa hiyo anayekuuzia dawa ya “kushusha vimeng'enya” bila kutafuta kinachoumiza seli hajakutibu.

Kundi la pili ni vimeng'enya vinavyoshiriki kwenye uvimbe wenyewe. Mwili ukivamiwa au kujeruhiwa, seli za ulinzi huitana, mishipa hutanuka, sehemu husika huvimba na kupata joto. Miongoni mwa vimeng'enya vinavyoendesha kazi hiyo ni COX, ambacho hutengeneza kemikali ziitwazo prostaglandini. Mwaka 1971 mwanasayansi Mwingereza John Vane alionyesha kuwa aspirini hufanya kazi kwa kuzuia utengenezaji wa kemikali hizo, na mwaka 1982 alipewa Tuzo ya Nobel pamoja na wenzake wawili wa Uswidi.

Baadaye iligundulika kuwa COX iko ya aina mbili kuu. COX-1 hufanya kazi kila siku: hulinda ukuta wa tumbo, husaidia damu kufika kwenye figo na kuzisaidia chembe sahani kushikamana ili kidonda kisiendelee kutoka damu. COX-2 huongezeka zaidi pale penye jeraha au uvimbe, ingawa nayo ina kazi yake ya kawaida kwenye figo. Diklofenaki na ibuprofeni huzuia zote mbili. Aspirini ya dozi ndogo huigusa zaidi COX-1 iliyo ndani ya chembe sahani, na huizuia moja kwa moja mpaka chembe hiyo ife, yaani kwa siku 7 hadi 10.

Ini linavyofika kwenye makovu

Kirusi cha homa ya ini aina B chenyewe hakili ini. Kinachoumiza zaidi ni askari wa mwili wanaokuja kuua seli zilizoambukizwa. Vita hivyo vikiendelea miaka 20 au 30, ini hujirekebisha kwa kuweka makovu, na makovu yakizidi ini husinyaa na kuwa gumu. Mafuta yanayojaa kwenye ini kwa sababu ya unene au kisukari hupita njia hiyohiyo, na pombe pia. Saratani mara nyingi huota kwenye ini la namna hii, ingawa kwa homa ya ini B inaweza kutokea hata kabla makovu hayajakomaa.

Utafiti wa panya umeonyesha kuwa chembe sahani nazo zina mkono kwenye vita hivi. Hujikusanya ndani ya ini na kuwasaidia askari wa mwili kuingia na kuharibu seli. Hiyo ndiyo sababu moja inayowafanya watafiti wafikirie kuwa aspirini, kwa kuzipunguza nguvu chembe sahani na kushusha uvimbe, huenda ikachelewesha madhara. Utafiti wa Taiwan uliochapishwa mwaka 2019 kwa wagonjwa wa homa ya ini B nao ulielekea upande huo.

Matokeo yenyewe yanasema nini

Tuanze na Uswidi. Watafiti hawakuwagawa watu makundi mawili kwa bahati nasibu, hili likapewa aspirini na lile lisipewe. Walisoma kumbukumbu za miaka mingi. Watu walioandikiwa aspirini walikuwa wameandikiwa na daktari aliyeona inawafaa, na mara nyingi daktari hamwandikii mgonjwa ambaye ini lake limeshasinyaa au aliyewahi kutapika damu. Watafiti walijitahidi kusawazisha tofauti hizo kwa hesabu, lakini hesabu haiwezi kuondoa kila kitu. Utafiti wa namna hii unatuonyesha kuwa mambo mawili yanakwenda pamoja. Hautoshi kuthibitisha kuwa moja limesababisha jingine.

Tukija Boston, huu ulikuwa wa bahati nasibu, jambo linaloupa nguvu zaidi. Lakini watu walikuwa 80 tu, wote walikuwa na mafuta kwenye ini na hakuna aliyekuwa na ini lililosinyaa. Kwa waliopewa aspirini, mafuta kwenye ini yalipungua kwa pointi 6.6 za asilimia. Kwa waliopewa kidonge kisicho na dawa yaliongezeka kwa pointi 3.6. Miezi 6 haitoshi kuonyesha nani atapata makovu au saratani na nani hatapata. Watafiti wenyewe waliyaita matokeo hayo ya awali, yanayohitaji kuthibitishwa kwa watu wengi zaidi.

Kwa hiyo habari ni njema, lakini ni habari ya hatua ya utafiti. Shirika la Afya Duniani (WHO) lilipotoa mwongozo mpya wa tiba ya homa ya ini B mwezi huohuo wa Machi 2024, dawa iliyobaki katikati ya mwongozo ni ya kuzuia kirusi, hasa tenofova. Aspirini si mbadala wake.

Kwa nini hapa kwetu tahadhari iwe kubwa zaidi

Mgonjwa wa Uswidi kwa kawaida anajulikana mapema, ana faili, hupimwa mara kwa mara na akitapika damu hufika hospitali upesi. Kwetu wengi hujua wana homa ya ini B siku wanapochangia damu, wanapohudhuria kliniki ya wajawazito au tumbo likishajaa maji. Ripoti ya WHO ya Aprili 2024 ilikadiria kuwa watu milioni 254 duniani walikuwa wakiishi na homa ya ini B mwaka 2022, na kwamba Kanda ya Afrika ya shirika hilo ndiyo yenye asilimia 63 ya maambukizi mapya ya kirusi hicho. Mtu asiyejua kama ini lake lina makovu hawezi kujilinganisha na aliyechunguzwa kwenye utafiti.

Tena tuna tatizo ambalo Uswidi haina. Kwa wakazi wa mwambao wa Ziwa Victoria na maeneo mengine yenye kichocho cha tumbo, mayai ya minyoo hukwama kwenye mishipa ya damu ndani ya ini na kuacha makovu kuizunguka. Damu inayotoka tumboni na kwenye utumbo hukosa njia ya kupita kwa urahisi, presha hupanda kwenye mishipa hiyo, na mishipa ya umio, yaani koo la chakula, huvimba. Ikipasuka, mgonjwa hutapika damu nyingi kwa mara moja.

Jambo la kuzingatia ni kwamba mgonjwa wa kichocho cha namna hii anaweza kuwa na ALT na AST za kawaida kabisa, kwa kuwa seli za ini bado zinafanya kazi. Akitazama karatasi ya majibu atajiona mzima. Mtu huyu akianza kumeza aspirini kila siku kwa sababu ya habari aliyosoma kwenye simu, anaondoa nguvu ya chembe sahani huku mishipa yake ikiwa tayari kupasuka. Ongeza hapo vidonda vya tumbo, ambavyo ni vya kawaida sana katika jamii zetu na ambavyo aspirini huvichokoza hata kwa dozi ndogo.

Diklofenaki kwa mgonjwa ambaye ini limesinyaa

Ikiwa aspirini ni swali la wachache, diklofenaki ni la wengi. Ndiyo dawa ambayo mtu mwenye maumivu ya mgongo, magoti au jino hupewa dukani bila kuulizwa maswali. Mgonjwa wa ini naye huumwa mgongo. Anakwenda dukani, anasema anaumwa, anapewa vidonge 10.

Ini likishasinyaa, mzunguko wa damu mwilini hubadilika. Damu nyingi hukaa kwenye mishipa ya tumboni na figo hupata kidogo. Mwili hujitetea kwa kutumia COX kutengeneza prostaglandini zinazoifungua mishipa ya figo ili zisikauke. Yaani kimeng'enya kilekile tunachokilaumu kwa uvimbe ndicho kinachozilinda figo za mgonjwa huyu. Diklofenaki ikikizuia, mishipa ya figo hujibana. Mkojo hupungua ndani ya siku chache, maji tumboni huongezeka, dawa za kukojosha maji huacha kufanya kazi, na figo zinaweza kushindwa kabisa. Miongozo ya madaktari wa ini inasema wazi kuwa mgonjwa mwenye maji tumboni asipewe dawa za kundi hili. Hiyo ni pamoja na ibuprofeni, naproksini, meloksikamu, sindano za diklofenaki na aspirini ya kutuliza maumivu.

Diklofenaki pia, kwa watu wachache, huweza kuliumiza ini moja kwa moja hata kama lilikuwa zima. Ukiwa unaitumia kwa wiki kadhaa kisha ukaona macho ya njano, mkojo wa rangi ya chai, kuwashwa mwili mzima au kuchoka kusiko kwa kawaida, acha na uende hospitali upimwe.

Mgonjwa wa ini atumie nini basi akiumwa? Wengi hushangaa kusikia kuwa jibu la kwanza ni parasetamoli, dawa ambayo wamesikia inaua ini. Kinacholiumiza ini ni dozi. Parasetamoli inapovunjwavunjwa na vimeng'enya vya ini hutoa kiasi kidogo cha sumu, na ini huizima sumu hiyo kwa akiba yake. Dozi ikizidi, akiba huisha na sumu hubaki ikiua seli. Mtu mzima mwenye afya asizidishe gramu 4 kwa siku, yaani vidonge 8 vya miligramu 500. Kwa mwenye ini lililosinyaa, madaktari wengi huishia gramu 2, yaani vidonge 4, na mnywaji wa pombe kila siku asitumie bila kuuliza. Soma pia pakiti. Dawa nyingi za mafua zina parasetamoli ndani yake, na zipo dawa za maumivu zenye diklofenaki na parasetamoli kwenye kidonge kimoja.

Mzazi, usimpe mtoto aspirini kwa homa

Sehemu hii ni ya wazazi, na haina “labda” nyingi.

Mwaka 1963 daktari wa Australia, Ralph Douglas Reye, alieleza ugonjwa ambao tangu hapo unaitwa kwa jina lake. Mtoto anaugua mafua au tetekuwanga, anaanza kupata nafuu, halafu ghafla anatapika mfululizo, anachanganyikiwa, anakuwa mkali au analegea, na anaweza kuzimia na kufa. Ini hujaa mafuta kwa haraka na ubongo huvimba. Uchunguzi ulionyesha kuwa wengi wa watoto hao walikuwa wamepewa aspirini wakati wa homa. Hapa tatizo kubwa haliko kwenye COX. Ni kuumia kwa vinu vya nishati vilivyo ndani ya seli za ini.

Marekani ilihesabu watoto 555 wenye ugonjwa huu kati ya mwaka 1979 na 1980. Wazazi walipotahadharishwa na vifungashio kuwekewa onyo, idadi ilishuka, na tangu mwaka 1987 hawakuzidi 36 kwa mwaka mmoja. Uingereza iliondoa aspirini kwa watoto wa chini ya miaka 12 mwaka 1986, na mwaka 2002 ikapandisha umri huo hadi chini ya miaka 16. Ni nadra ugonjwa hatari wa watoto kupungua kiasi hicho kwa sababu tu wazazi wameacha kununua dawa fulani.

Yako magonjwa machache ya watoto, kama homa ya baridi yabisi inayoshambulia moyo na ugonjwa wa Kawasaki, ambayo daktari huyatibu kwa aspirini. Kama mwanao ameandikiwa kwa sababu hiyo, usimwachishe mwenyewe. Akipata mafua au tetekuwanga akiwa kwenye dawa hiyo, mrudishe kwa daktari wake mapema.

Kwa homa ya kawaida, mpe parasetamoli ya watoto kwa uzito wake: miligramu 15 kwa kila kilo, si zaidi ya mara 4 kwa siku. Mtoto wa kilo 10 atapata miligramu 150 kwa mara moja. Angalia kwenye chupa mililita 5 zina miligramu ngapi, kwa sababu chupa hutofautiana, na tumia kipimo kilichokuja na dawa badala ya kijiko cha chai. Usisahau kupima malaria. Mtoto mwenye homa na macho ya njano, anayetapika kila kitu au anayelala kupita kawaida hahitaji dozi nyingine ya nyumbani. Apelekwe hospitali.

Kushusha uvimbe hakutoshi

Kuna somo jingine kwenye habari za ini ambalo halikutangazwa sana. Mwaka 2019, dawa mbili zilizotengenezwa mahususi kuzuia vimeng'enya vinavyochochea uvimbe na kifo cha seli za ini zilishindwa kwenye majaribio ya wagonjwa. Moja, selonsetibu, ilizuia kimeng'enya kiitwacho ASK1. Nyingine, emrikasani, ilizuia vimeng'enya vya kundi la kaspasi. Kwa nadharia zilionekana za uhakika. Kwa wagonjwa, makovu hayakupungua kuliko kwa waliopewa kidonge kisicho na dawa.

Maelezo mojawapo ni kwamba kinachoumiza ini kilikuwa bado kipo. Ukilinganisha na njia zilizofanikiwa, picha inaonekana. Dawa za kisasa za homa ya ini C huondoa kirusi chenyewe kwa kozi ya wiki 8 hadi 12. Tenofova hukibana kirusi cha B, uvimbe hushuka na makovu huweza kupungua kwa miaka. Mtu mwenye mafuta kwenye ini akipunguza asilimia 7 hadi 10 ya uzito wake, uvimbe hupungua na hata makovu huanza kulegea. Mnywaji akiacha pombe, ini hupumua. Ini lina uwezo mkubwa wa kujijenga upya pale linaloliumiza likiondoka.

Kwa mtazamo huo, kinga kubwa ya saratani ya ini kwa mtoto wa Afrika Mashariki ni chanjo ya homa ya ini B. Mtoto akiambukizwa akiwa mchanga, takriban watoto 9 kati ya 10 hubaki na kirusi maisha yote. Kwa mtu mzima anayeambukizwa, ni chini ya mmoja kati ya 20. Chanjo ya wiki ya 6, 10 na 14 ina kinga hiyo ndani yake. WHO inataka pia dozi ya kwanza itolewe ndani ya saa 24 baada ya kuzaliwa, lakini kwa takwimu zake za 2024 ni asilimia 18 tu ya watoto wachanga katika Kanda ya Afrika wanaoipata. Mama mjamzito, pima homa ya ini B kliniki, na ukiwa nayo uliza mapema mtoto atapata wapi dozi hiyo.

Mambo ya kuuliza kabla ya kumeza

Kama una homa ya ini B, mafuta kwenye ini, kichocho cha muda mrefu au unakunywa pombe sana, nenda kwa daktari na maswali haya.

Kwanza, ini langu lina makovu? Daktari anaweza kukadiria kwa kutumia AST na idadi ya chembe sahani, hesabu inayoitwa APRI, bila kukata kipande cha ini. Kwa mwongozo wa WHO wa 2024, APRI ikizidi 0.5 kwa mtu mzima mwenye homa ya ini B, hiyo ni dalili ya makovu ya kutosha kuanza dawa. Ikizidi 1, ini huenda limeshasinyaa. Ultrasaundi huongeza picha.

Pili, ALT yangu ni ya kawaida kwa kiwango kipi? Maabara nyingi huandika hadi 40. WHO sasa inatumia 30 kwa mwanamume na 19 kwa mwanamke. Anayeambiwa yuko sawa akiwa na 35 anastahili kutazamwa tena.

Tatu, nimewahi kuwa na vidonda vya tumbo, choo cheusi kama lami au kutapika damu? Kama ndiyo, aspirini si ya kujianzishia, na dawa za maumivu za kundi la diklofenaki ni za kukwepa.

Nne, dawa zangu zote ni zipi? Beba pakiti, pamoja na dawa za mitishamba, uziweke mezani.

Na kama tayari unatumia aspirini uliyoandikiwa kwa ajili ya moyo au kiharusi, usiiache kwa sababu ya makala hii. Kuacha ghafla kunaweza kuleta shambulio la moyo. Mweleze daktari wako kuwa una tatizo la ini, naye atapima faida na hatari.

Kutapika damu, choo cheusi, tumbo linalojaa haraka, mkojo kupungua, au mgonjwa wa ini anayeanza kuchanganyikiwa na kulala mchana ni dalili za kwenda hospitali siku hiyohiyo, iwe ni usiku au sikukuu.

Huenda miaka michache ijayo aspirini ikapata nafasi rasmi kwenye tiba ya baadhi ya magonjwa ya ini. Majaribio makubwa ndiyo yatakayoamua. Kwa sasa, mtu mwenye homa ya ini B atafaidika zaidi akitumia nauli yake kwenda kupima APRI, na mzazi atafaidika zaidi akihakikisha kadi ya chanjo ya mwanae imejaa.